Vile Niligeuza Maneno ya Sista

Nyar Gem,

Nakuita vile nilikuita siku zote, binti ya watu wa Gem, hata kama kwa msalaba wameandika jina ya kanisa. Wewe uko chini, mimi niko juu. Mgongo inauma, mvua imekuja, kuku wamebaki wachache. Hali ni hiyo.

Naandika juu ya ile maneno Sista alisema kwa mazishi yako. Mimi ndiye niliwageuzia watu, kutoka Kiitaliano mpaka Kiswahili. Sasa katekista amekuja hapa nyumbani, amekunywa chai yangu, ameniambia Jumapili nisimame kanisani niseme niligeuza vibaya. Sijamjibu. Hiyo lugha ilikuwa yako, sio yangu, kwa hivyo nimeona niongee na wewe kwanza. Awuor msichana wetu atasoma pia, na mtu mwingine akitaka asome.

Nianze mbali ndio ieleweke.

Wakati ule, miaka ya themanini, nilikuwa nabeba magunia Kisumu, nalala Obunga. Wewe ulikuwa unafua shiti za wagonjwa kwa kliniki ya masista Waitaliano, huko ndani ukipita Kombewa. Awuor alikuwa kwa mama yangu. Familia moja, kila mtu na kitanda yake mahali yake. Jumamosi ulikuwa unakuja na mikono imekauka na sabuni, Jumapili unarudi. Hatukulia juu yake. Watu wengi walikuwa hivyo.

Halafu yule sista kijana aliyekuwa anamgeuzia daktari maneno akaitwa kwao. Daktari mwenyewe alikuwa ametoka Italia juzi tu. Kiingereza hana, Dholuo hana. Kiswahili alikuwa na maneno ya kujaza ngumi moja: maji, homa, damu, kesho, manjano. Hiyo manjano alishika haraka kwa sababu watu wa macho ya manjano walikuwa wanaletwa sana. Sista mkubwa, yule mzee, alijua Kiswahili, lakini masikio yake ilikuwa imeanza kukataa, na kliniki yote ilikuwa juu ya kichwa yake. Akakuja kwa karai akakuambia, wewe umetusikia tukiongea miaka hii yote, jaribu.

Ukaniletea hiyo habari Obunga. Mtu wa kugeuza anapewa nyumba ndani ya ua ya kliniki, na jikoni yake. Ukipata hiyo kazi, Awuor anatoka kwa mama, mimi naacha magunia, tunakaa mahali moja. Ukikosa, tunabaki vile tuko. Ulisema tu hivyo ukaendelea kuchambua omena, wale samaki wadogo. Lakini nilikuona. Ulikuwa unatupa nzuri, unabakisha takataka.

Majina ya vitu haikukusumbua. Shiti, dawa, tumbo, sindano, hiyo yote ulikuwa umeokota huko kwa karai. Shida ilikuwa maneno ya kufanya. Kula, kusema, kupumua. Kwetu mtu anakaa mbele ya neno. Nakula, unakula, alikula: kabla ufike kwa chakula unajua tayari ni nani. Kwao mtu anakaa nyuma, kwa mkia. Na saa ingine mkia ni ile ile, tofauti ni mahali uzito inakaa.

Wacha niandike vile ulinionyesha, kipande kwa kipande, vile masikio yangu ilisikia. Yenye uzito naweka herufi kubwa. MAN-jo, ni mimi nakula. Man-JO, ni yeye alikula. Neno ni moja. Ukikanyaga mbele, ni mimi na ni sasa. Ukikanyaga mwisho, ni mtu mwingine na imeisha. Sista alikuambia kuna Waitaliano wanasema mambo ya jana kwa njia ndefu, lakini yeye na daktari ni watu wa kusini, na kusini wanapenda hii fupi. Kwa hivyo ukalazimika kujua hii fupi.

Tukawa tunafanya hiyo kazi Jumapili mchana baada ya kanisa. Mimi nakaa juu ya mtungi ya plastiki, napiga makofi kwa kila kipande, wewe unasema. PAR-lo. Par-LO. Nilisoma kidogo sana, lakini makofi haitaki shule.

Mama Pamela alikuwa jirani, ukuta ni bati moja tu kati yetu. Yeye alikuwa anakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ya mbuta inatoka fektri. Akauliza huko kwake, bila kuinuka, kama hao wazungu wamekupa kazi ama wamekupa mashetani. Ukamwambia ni kazi, mashetani iko huko kwake, inanuka mafuta. Akacheka mpaka akakohoa. Wewe ukasema hata hiyo kikohozi iko na jina yake, tos-se. Ati s ziko mbili, moja inabaki na tos, ingine inaenda na se.

Nikauliza kwa nini hazikai pamoja.

"Ni mabibi wawili wa mzee mmoja," ukasema. "Ukiwaweka nyumba moja, nani atalala?"

Na ile ya kupumua, re-SPI-ro, hapo s haibaki na re, inafuata p. Nikasema hiyo s haina msimamo. Ukanifinya.

Ya mtu mmoja ulishika. Iliyokushinda ni ya watu wengi. Wanakula, kwao ni MAN-ja-no. Uzito iko mbele kabisa, halafu nyuma vipande viwili vinakimbia bila mzigo. Mdomo yetu haijui hiyo. Mdomo yetu inakanyaga kipande ya pili kutoka mwisho, kila siku, kila neno. Ki-SU-mu. O-BU-nga. Cha-KU-la. Watu wa huku wote wanabeba mahali moja. Kwa hivyo uliposema wanakula, ulisema man-JA-no. Na mimi kwa mtungi sikuona kosa, kwa sababu kwa masikio yangu hiyo ndiyo ilikuwa sawa.

Sasa ile siku. Sikuwa huko, lakini uliniambia, na Sista aliniambia baadaye, na hadithi ilikuwa moja. Mama mmoja alileta watoto wake wawili wana homa. Daktari akauliza kama wanakula. Mama akasema ndio, vizuri. Wewe ukageukia daktari ukasema man-JA-no.

Hiyo neno daktari alikuwa anaijua. Alikuwa nayo kwa ngumi yake. Akaruka. Akafungua macho ya watoto na kidole, akapeleka dirishani, akafinya tumbo, akaitisha mkojo, akatoa sindano akaanza kuchukua damu. Watoto wakapiga kelele. Mama yao akakushika nguo.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia wanakula."

"Sasa kwa kula ndio wanatobolewa?"

Sista akakuja mbio, akatenganisha hiyo mambo. Nilifikiri daktari angecheka. Hakucheka. Alisema wodi sio mahali ya kubahatisha, ataandikia Italia walete sista mwingine, na nyumba itakuwa ya huyo sista. Wewe urudi kwa karai. Sista mzee akamwomba akupe siku moja ingine. Akakubali Jumatatu. Alikubali vile mtu anakubali ili aachwe aende kula.

Jumamosi ulikuja Obunga ukakaa bila kufungua leso. Nilikuwekea chai, ikapoa. Halafu ukaniita Baba Awuor kwa Dholuo, ukasema:

"Wuon Awuor, nimetobolesha watoto wa watu juu ya rangi."

Nikakuambia iache hiyo neno. Sema mmoja mmoja. Huyu anakula, huyu pia anakula. Daktari ataelewa.

"Na wakiletwa kumi? Niwahesabu kama mbuzi?"

Tukajaribu tena. Mimi napiga, wewe unasema, unaangukia pale pale, man-JA-no. Mama Pamela huko nyuma ya bati akasema kama ni manjano mnataka, yeye ako nayo ya kupikia, awape kijiko. Hukucheka. Ukasimama ukaniambia niache kupiga, unaniharibia. Ukaanza kupiga mwenyewe, mkono kwa mkono, moja tu, pale mbele, halafu mdomo ikafuata mkono. MAN, pa. Ja-no. Ukarudia. Mdomo ilikuwa inajua Kiswahili na Dholuo. Mkono haikuwa inajua lugha yoyote, kwa hivyo ilienda mahali umeituma. Ulifanya hivyo mpaka mikono ikawa nyekundu, na kila mara bila makofi ulianguka, na kila mara na makofi ulisimama.

Nikakuuliza, sasa mbele ya daktari utafanya aje.

Ukasema utapiga tu. Yeye akitaka acheke.

Hiyo Jumatatu mama aliyeletwa alitoka ufuoni na mapacha wake, Apiyo na Adongo. Alikuwa mtu wa kuongea haraka. Ati jana Adongo alitapika, leo hapana, sasa wote wanakula, lakini wanajikuna. Mambo ya jana na ya leo, ya mmoja na ya wawili, yote kwa pumzi moja. Sista alikuwa kwa mlango. Aliniambia uligeuka rangi. Halafu ukainua mikono. Vo-mi-TO, ukapiga mwisho. Alitapika, imeisha. Halafu MAN-ja-no, ukapiga mbele. Wanakula, wote, sasa.

Mama ya mapacha akauliza, huyu anawaimbia watoto wangu ama?

Daktari akainua kidole. Akakuambia urudie. Ukarudia, ukapiga. Akapiga yeye pia, polepole, mbele, akakuangalia, akarudia mwisho. Hakufungua jicho ya mtoto, hakushika sindano. Aliandika dawa ya kupaka na akawaacha waende. Halafu akamwambia Sista, mwache apige.

Hivyo ndio ulipata kazi.

Nilikuja na godoro kwa mkokoteni ya kukodi. Awuor alikuja na kuku yake moja amemfunga miguu. Nilipewa kibarua hapo hapo kliniki, kufyeka, kuchimba choo, kubeba maji. Usiku wa kwanza tulilala watatu ndani ya nyumba moja. Awuor alikoroma.

Watu wakakuita Mama Makofi. Mtu akipita nje ya wodi anasikia pa, pa, anajua kazi inaendelea. Baada ya muda daktari alizoea sauti yako, hakuhitaji makofi, lakini wewe hukuacha. Hata nyumbani ukawa unaharibika. Ulikuwa unaita chakula ukikanyaga mbele, CHA-kula, na mama yangu akija kututembelea anauliza kama huyu bibi yangu amekalia misumari. Ulimjibu kwa Dholuo safi kabisa, na ugali alikula kidogo siku hiyo.

Tulikaa hivyo miaka mizuri. Sina mengi ya kusema juu yake. Siku ikiwa nzuri haiachi alama.

Daktari wa kwanza akarudi kwao, akaja mwingine, wewe ukabaki. Halafu ikafika miaka ya tisini, ukaanza kukohoa. Huyo daktari mwingine alikupima, akasema kwa lugha yao, na hapo hapakuwa na mtu wa kunigeuzia isipokuwa wewe. Ulikaa kwa kitanda ukanigeuzia. Anasema kifua imejaa. Anasema dawa iko lakini mwili imechoka. Ulisema kama ni ugonjwa ya mtu mwingine wa foleni. Sikukuuliza kama kuna kitu uliacha bila kugeuza.

Hukukaa sana.

Tulikuzika hapa kwetu Seme, upande wa mkono wa kushoto wa nyumba, vile inatakiwa. Watu wa kliniki walikuja, watu wa ufuoni walikuja, hata Mama Pamela alitoka Obunga na sufuria ya samaki. Sista mzee akasimama aongee. Alianza na Kiswahili. Akasema, huyu mama, huyu mama. Kiswahili ikamwisha hapo. Akafunga macho akaendelea kwa Kiitaliano.

Watu wakaangalia huku na huku wakimtafuta mtu wa kugeuza. Niliona vichwa vikigeuka. Halafu wakakumbuka mtu wa kugeuza ni nani na yuko wapi, wakaangalia chini.

Katekista akaniambia, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Baba Awuor, wewe ndiye umeishi na yeye. Anasema nini?"

Nikasimama. Sikujua anasema nini. Nilijua tu yale ya Jumapili za Obunga. Nikasikiliza. Sista akasema sin-YO-re. Hiyo nilijua, kwa sababu daktari wote wawili walikuita hivyo kila siku, sinyora njoo, sinyora uliza. Nikajua anaongea juu yako. Halafu akasema kia-MO. Kuita. Tulikuwa tumeipigia makofi. Uzito iko mwisho. Ni mtu mwingine na imeisha.

Nikasema, "Mama Awuor aliita."

Sista akafungua macho akaniangalia. Halafu akaendelea. Sin-YO-re, por-TO.

"Mama Awuor alibeba."

La-VO. "Aliosha." A-MO. "Alipenda." Kila neno uzito inaanguka mwisho, mwisho, mwisho. Mimi nasema tu vile inaanguka.

Halafu mama mmoja huko nyuma, simjui, akasema ni kweli. Akasema, "Aliniita mimi. Nilikuwa nimekaa nje nikiogopa ule mlango wa wodi, na yeye akatoka akaniita kwa jina ya baba yangu." Mwingine akasema, "Alinibeba kutoka kwa mkokoteni, na yeye mwenyewe ni mdogo vile." Mzee mmoja akasema, "Aliosha shiti ya mtoto wangu na akairudisha imekunjwa." Kila nikisema neno, mtu anasimama. Sista anasema, mimi nasema, wao wanasimama. Ilichukua muda. Chakula ilipoa.

Jioni Sista akaniita pembeni. Alikuwa ameshika kikombe na mikono yote miwili. Akaniambia polepole kwamba sinyora ni wewe, lakini yeye hakusema sinyora. Alisema sinyore. Hiyo ni Bwana. Ni Mungu. Mungu alikuita, Mungu alikubeba nyumbani, Mungu alikuosha, Mungu alikupenda. Ndiyo maneno yake ilikuwa.

Nikaona. Nilikuwa nasikiliza uzito, sikusikiliza mkia. Na hata kwetu, ukisema aliita, ni nani anajua ni mwanaume ama mwanamke ama ni Mungu? Lakini mimi nilikuwa nimeshaweka jina.

"Baba Awuor," Sista akasema, "umempa kazi yote ya Mungu."

Nikamuuliza kama wale watu waliosimama walisema uongo.

Akasema hapana.

Nikamuuliza kwa nini hakunisimamisha, yeye anajua Kiswahili. Akasema alitaka, lakini yule mama wa kwanza alikuwa ameshasimama. Halafu akamaliza chai yake akaniuliza kama kuna ingine.

Mimi nilifikiri imeishia hapo. Lakini wale wamama wa kliniki sasa wakiomba wanasema hivyo. Mama Makofi aliita, Mama Makofi alibeba. Watoto wao wameshika. Sista aliporudi kwao Italia kupumzika, aliagana na katekista akamwambia ukweli, sijui kwa nini, labda alitaka asiende nayo. Sasa katekista anasema ni dhambi, kazi ya Mungu haiwezi kupewa mama wa kufua. Anataka nisimame Jumapili niseme hukuita mtu, hukubeba mtu, niligeuza vibaya.

Nimefikiri wiki nzima. Awuor anasema niamue mwenyewe. Yeye ana mtoto sasa, amechoka na mambo ya kanisa.

Nikisimama, yule mama aliyeogopa mlango atakuwa hapo amekaa. Nitamwambia nini? Kwamba hukumwita? Alisikia kwa masikio yake. Katekista hakuwa kwa foleni.

Kwa hivyo Jumapili nitaenda, nitavaa ile shati ya kanisa, nitakaa mbele. Akisema Baba Awuor simama, nitasimama, nitamwambia kanisa yote kwamba mimi sio mtu wa kugeuza, kazi yangu ilikuwa magunia. Nilichosema nilisema na watu wakashuhudia. Halafu nitakaa. Akitaka kunifukuza anifukuze, barabara ya kurudi nyumbani naijua.

Na Mungu akiona kazi yake imechukuliwa, si muko pamoja huko? Muongee. Nyinyi hamhitaji mtu katikati.

Nimemaliza, Nyar Gem. Nyasi imeota juu yako, nitaifyeka mvua ikiacha. Awuor anakusalimia. Mtoto ameanza kusimama.

Ni mimi, mume wako,
Baba Awuor